Ziwa Nalo ni Umma

Bismillahi Rrahmani Rrahim



Ijumaa ya leo tunakuletea swali ambalo halikutoka kitabuni, limetoka sokoni. Wiki iliyopita nilimtuma mtoto kununua ndagala. Akarudi na fungu la vitu vidogo kama sindano, vimekauka vizuri, na bei yake ilikuwa nusu ya bei ya ndagala wa kawaida. Tukakaanga, tukala, tukasema Alhamdulillahi. Ni baada ya kunawa mikono ndipo nilipojiuliza tumekula nini. Fungu lile moja lilikuwa na mamia ya watoto wa samaki, na sisi wote tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika tunajua wanavuliwa na nini. Wanavuliwa na chandarua cha mbu, kile kilichogawiwa ili watoto wetu wasipate malaria. Kinashonwa kwa kingine na kingine, kisha watu wanakikokota penye maji mafupi, karibu na ufuko, na tundu zake hazipitishi kitu.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma: je, katika fungu lile kuna aliyedhulumiwa?

Usijibu haraka. Samaki ni halali, wala hahitaji kuchinjwa. Mama muuzaji hakuiba. Mvuvi hakuvamia nyumba ya mtu. Mimi nililipa franga zangu. Utasema Leta imekataza nyavu za namna hiyo. Ni kweli, lakini hilo si jibu la swali letu. Leta inakataza mambo mengi na kuachilia mengi, na sisi hapa hatuulizi juu ya kulipishwa kosa, tunauliza juu ya dhuluma. Na dhuluma inataka mdhulumiwa. Ukimpiga mtoto wa jirani, tunamjua aliyepigwa. Hapa ni nani? Ndagala mmoja mmoja? Yeye alikuwa ataliwa tu, na mukeke kama si na sisi. Katika maelfu wanaozaliwa ni wachache wanaofikia ukubwa, na hao wakubwa nao hawaishi sana kupita mwaka mmoja. Huwezi kusimama mbele ya kadhi na kudai kwamba ndagala huyu alikuwa na haki ya kuzeeka.

Jibu langu, na ulipime mwenyewe, ni kwamba mdhulumiwa yupo, lakini si samaki mmoja mmoja. Ni umma wao.

Neno hili sikulibuni mimi. Katika Sura Al-An'aam, aya ya 38, wanyama wanaotembea juu ya ardhi na ndege wanaoruka kwa mabawa wanaitwa umma, mfano wetu sisi. Tumezoea kusikia neno umma tukajifikiria wenyewe tu, safu za swala, Makka, Ramadhani. Na kuna habari ya yule Nabii wa zamani, imepokewa na Bukhari na Muslim, aliyepumzika chini ya mti akaumwa na chungu mmoja, naye akaamuru nyumba yote ya chungu ichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu. Angalia vizuri lawama yenyewe ilikuwa juu ya nini. Haikuwa juu ya kumuua aliyemuuma. Ilikuwa kwamba kwa ajili ya chungu mmoja ameangamiza umma mzima unaomsabihi Mola wake. Kuua mmoja na kuangamiza umma havikuhesabiwa kuwa kosa moja la ukubwa mbalimbali. Ni mambo mawili.

Basi tuuangalie umma huu wa ndani ya maji, maana wengi wetu tunaishi kando yake miaka yote na tunaujua kwenye sahani tu.

Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilometa 650, na kilindi chake kinafika meta 1,470. Katika maziwa ya dunia ni Baikal tu, kule Urusi, linalolipita kwa kilindi. Lina umri wa mamilioni ya miaka. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Lakini usidhani kwamba maji yote hayo yana samaki. Upande wetu wa kaskazini, ukishuka meta 100 hivi, hewa ya kupumua imekwisha ndani ya maji. Upande wa kusini unaweza kufika 200 hivi. Chini ya hapo ni giza na maji yasiyo na pumzi. Samaki wote tunaowajua wanaishi katika tabaka la juu, kama utando juu ya maziwa yaliyochemka.

Chakula chao kinatoka wapi? Viumbe vinavyokufa vinazama, vinaoza kule kilindini, na mbolea yao inabaki huko. Kama hakuna cha kuirudisha juu, ziwa lingekufa njaa huku limekalia ghala lake. Kinachoirudisha ni upepo. Toka mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu kuja huku kwetu, na kule kusini maji baridi ya chini yanapanda na mbolea yake. Hiyo inalisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea inaliwa na vidudu vya maji, vidudu vinaliwa na ndagala, ndagala wanaliwa na mukeke, na sisi tunawala wote wawili. Mchana ndagala wanashuka, usiku wanapanda kufuata vile vidudu. Ndiyo sababu baba zetu na ndugu zetu wanatoka na taa usiku wa giza, wakati mwezi haupo. Mvuvi wetu, basi, saa yake ya kazi amepangiwa na kidudu ambacho hajapata kukiona.

Kando, penye miamba, kuna jamii nyingine kabisa. Huko wapo samaki wa aina karibu 250 wa ukoo mmoja, ule wa kuhe, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Wapo wanaoishi ndani ya nyumba za konokono waliokufa. Samaki mzima, na jike lake na mayai, wote wamehifadhiwa na kiumbe kilichokwisha kufa zamani. Wapo wanaobeba watoto mdomoni. Wapo hata wezi. Kuna samaki ambaye riziki yake ni kung'oa magamba ya wenzake, na mdomo wake umepinda, wengine upande wa kuume, wengine upande wa kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu mmoja tu. Mtaalamu wa Kijapani, Michio Hori, alieleza mwaka 1993 jambo la ajabu juu yao. Wezi wa upande mmoja wakizidi, samaki wengine wanauchunga zaidi ubavu ule, na wezi wa upande wa pili wanafaulu na kuongezeka. Kisha mambo yanageuka. Hivyo hesabu zao zinapanda na kushuka, hazitoki mbali na nusu kwa nusu.

Hapa niseme kitu pembeni. Mimi si mmoja wa wahubiri wanaochukua nyuki na chungu na kuwafanya walimu wa adabu. Samaki anayekula magamba ya mwenzake hatufundishi adabu yoyote. Nimekutajia habari yake kwa sababu moja: hata mwizi katika umma ule ana mpaka wake, na mpaka huo haukuwekwa na yeye, umewekwa na wenzake anaoishi nao. Ndilo ninaloliita umma. Si wingi wa viumbe. Ukiweka samaki aina 250 ndani ya mapipa 250 una samaki, huna umma. Umma ni lile fungamano, huyu kumlisha yule, aliyekufa kumpa nyumba aliye hai, upepo kufungua ghala.

Fungamano hilo linaweza kukatwa bila mtu yeyote kukusudia. Watoto wa ndagala hukaa karibu na ufuko kabla ya kwenda maji makubwa. Chandarua kinapita palepale. Na chandarua chenye dawa, dawa yake ni sumu kali kwa samaki na kwa vidudu vya maji. Kinachukua ndagala kabla hajazaa, na pamoja naye kinachukua mayai na watoto wa samaki wengine ambao hata hawaliwi, wanatupwa mchangani. Mtu mmoja mara moja, si kitu. Kila siku, kila ufuko, ndipo tunafika kwa yule Nabii na moto wake, isipokuwa sisi hatukuumwa na mtu.

Utanijibu: kwani ni lazima ziwa libaki jinsi lilivyokuwa? Hapana, na mfano tunao karibu. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa maji makubwa wa kula vidudu vya katikati. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakachukuliwa samaki wadogo hapa Tanganyika wakapelekwa kule. Leo watu wa Bukavu na Goma wanawaita sambaza, na jamaa nyingi zinaishi kwa hao. Wataalamu walioyachunguza maji ya Kivu miaka ya 1980 walisema aina moja ya kidudu kikubwa cha maji ilikuwa imetoweka, imeliwa. Umma uligeuka. Mimi siwezi kusema lile lilikuwa dhuluma. Mwanadamu anakata miti kupata shamba, analima, anapanda mbegu za kigeni, na muhogo wetu wenyewe asili yake ni Amerika. Swali si kama umegusa. Swali ni kama baada ya mkono wako umma ule unaweza bado kusimama na kulisha, wao na sisi.

Sasa tumfikie yule anayekokota chandarua, maana ni rahisi sana kuandika karatasi kama hii umeshiba.

Mara nyingi ni mama na watoto wake. Hana mtumbwi, hana injini, hana taa. Shamba lake liko mahali ambapo vita vimemfukuza, ao hana shamba kabisa. Analo chandarua, na anajua kwamba akikitoa kitandani mtoto anaweza kupata malaria. Amepima, akaona njaa iko karibu kuliko mbu. Nani kati yetu atasimama kumwambia kwamba anadhulumu umma wa samaki?

Nilipofikiria jambo hili nikakumbuka habari ya Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, nayo iko katika Bukhari. Alikuwa ameweka hima kule Rabadha, yaani malisho yaliyohifadhiwa, watu wasiyaingie ovyo. Akamweka mtumishi wake Hunayy kuyachunga. Akamwagiza kwamba mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aachwe aingie, lakini ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan, matajiri wa Madina, tena masahaba wakubwa. Sababu aliitoa mwenyewe. Hao matajiri mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Maskini wake akifiwa na wanyama atakuja na watoto wake kumlilia Khalifa, naye hataweza kumwacha. Hima ile ilikuwa na mlango, na mlango ulifunguliwa kwa kipimo cha uwezo wa mtu.

Ni hukumu nzuri sana. Lakini, ndugu, usiibebe nzima mpaka ziwani, maana hapa ndipo swali linakuwa gumu. Kwenye malisho mwenye kidogo anakula kidogo. Ziwani, maskini ndiye anayevua mahali pa kulelea watoto wa samaki, kwa sababu hana cha kumfikisha mbali. Na mwenye mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na taa, na watu kumi, anavua wakubwa huko nje. Tukimwacha maskini tu kwa huruma, anamaliza mbegu, na wa kwanza kulala njaa mwakani ni yeye. Tukimfukuza tu kwa ajili ya samaki, analala njaa leo.

Na wala si yeye peke yake aliyefika hapo na mkono wake. Toka miaka ya 1950 mashua makubwa yenye nyavu za kuzungusha yalivua upande huu wa kaskazini, na sangala wakubwa wakapungua sana. Hao hawakuwa maskini. Milima iliyo juu yetu imevuliwa miti kwa ajili ya makala na mashamba, mvua ikinyesha udongo unashuka na kufunika miamba, na wataalamu wamekuta kwamba penye matope mengi aina za samaki ni chache. Zaidi ya hayo, mwaka 2003 wataalamu waliandika kwamba maji ya juu ya ziwa yameongezeka joto, upepo hauyachanganyi tena na ya chini kama zamani, na chakula cha msingi cha ziwa kimepungua karibu asilimia 20. Joto hilo halikutoka kwenye jiko la makala la mama wa chandarua. Limetoka zaidi kwenye viwanda na magari ya nchi za mbali. Ghala la kilindini linafungwa na watu ambao hawajapata kuonja ndagala. Ukiwa na hasira, igawe kwa haki.

Toka mwaka 2023 nchi za ziwa zilianza kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, toka tarehe 15 ya mwezi wa tano mpaka tarehe 15 ya mwezi wa nane, na Tanzania nayo ikafunga mwaka 2024. Nimesikia watu wakilia juu ya jambo hili, na nimesikia wengine wakilisifu. Mimi ninaliangalia kwa jicho la mtu anayefunga Ramadhani. Maana saumu ni nini? Si kuacha haramu. Haramu tunaiacha mwaka mzima. Ni kuacha halali, chakula chako mwenyewe, kwa muda uliojulikana, kisha unairudia. Kwa hiyo Mwislamu hawezi kusema haelewi jinsi kitu kilicho halali kinavyoweza kuachwa kwa muda. Analijua hilo toka utoto.

Lakini saumu ileile inatufundisha na upande wa pili, ambao sikuuona vizuri ufukoni. Saumu ina udhuru kwa mgonjwa na msafiri. Asiyeweza kufunga kabisa analisha maskini. Jua likizama kuna futari, na mwenye nacho anatafuta wa kufuturu naye. Hakuna mtu aliyeambiwa funga, ukifika magharibi ujijue mwenyewe. Sasa tazama mvuvi anayefungiwa ziwa siku tisini. Magharibi yake iko wapi? Nani amemwekea sahani? Ukimwambia mtu auache umma wa majini upumzike, huku umma wa nchi kavu aliomo yeye haumtazami, umekata fungamano moja ili kuliponya lingine. Naye atatoka usiku na chandarua, na mimi nitanunua fungu lake mchana kwa sababu ni rahisi, na nitasema Alhamdulillahi.

Hapo narudi kwenye fungu langu. Nilisema tumtafute mdhulumiwa, nikakujibu ni umma. Aliyedhulumu nilimtafuta ufukoni, lakini kwenye mlolongo ule, toka chandarua mpaka sahani, mtu pekee aliyekuwa na njia nyingine ni mimi. Mvuvi hakuwa nayo. Mama muuzaji ananunua anacholetewa. Mimi nilikuwa na franga za kununua nusu fungu la wakubwa, ao maharagwe. Nilichagua bei.

Siku ya Jumatatu nilimwendea yule mama muuzaji, nikamwambia kwa upole kwamba wale wadogo asituletee tena. Akanitazama akasema: "Mwalimu, ukikataa wewe atanunua mwingine. Nipe basi mtaji nikauze mchele." Sikuwa na la kumjibu, nikamwambia nitaongea na wandugu.

Basi nimeongea. Komiti ya msikiti itakaa Jumapili baada ya swala ya Alasiri, na jambo hili liko kati ya mambo yatakayosemwa: kama mfuko wetu wa sadaka unaweza kutenga sehemu kwa ajili ya jamaa za wavuvi katika ile miezi mitatu, na kwa ajili ya akina mama watatu ao wanne wanaotaka kubadilisha biashara. Tunawaomba wanaoishi kwa uvuvi waje waseme wenyewe, wanaume na wanawake, wasisemewe. Na mwenye chandarua kilichochanika kinachotumika ziwani, asiogope kuja, hatutamwuliza jina.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.